Magofu ya Mangapwani na Kazi ya Mpiga Picha

Makala haya yahusu mahali padogo na neno dogo. Mahali ni Mangapwani, katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya mji. Neno ni pango. Wageni wafikao Mangapwani huonyeshwa mapango mawili, na wengi wao huyapiga picha yote mawili kwa namna moja: mdomo wa giza, vidato vya mawe, mizizi iliyoning'inia, na majani mabichi pande zote. Picha hizo hupendeza. Lakini moja katika mapango hayo si pango hata kidogo. Lilichimbwa na watu ili watu wengine wafichwe ndani yake, na katika kazi hiyo ya kuficha majani nayo yalikuwa na sehemu yao. Nakusudia kuonyesha kwamba mpiga picha asiyelijua jambo hilo, hata akiwa na nia njema na mkono hodari, aweza kuiendeleza kazi ya yule aliyelichimba.

I. Maneno ya mahali palipoachwa

Yafaa tuanze na lugha, maana Kiswahili hakikosi maneno ya mahali palipoachwa, na kila neno lina mpaka wake. Gofu ni jengo lililobomoka: kuta zipo, paa hapana. Neno hilo hilo hutumika kwa mwili uliokonda mpaka mifupa ikahesabika, tukasema fulani amebaki gofu la mtu. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna wazo la kiunzi kilichobaki baada ya nyama kuondoka. Hame, na wingi wake mahame, latokana na kitenzi kuhama. Halielezi jengo bali laeleza tendo: watu walikuwako, kisha wakaondoka. Ganjo na tongo ni mahali palipokuwa pakikaliwa zamani, hata ikiwa leo hapana ukuta uliosimama.

Tukiyapanga maneno haya pamoja twaona kwamba yote yanamkumbuka mtu. Ama yataja alichokijenga, ama alipokaa, ama kuondoka kwake. Hakuna hata moja linaloyapa majani au miti mamlaka juu ya mahali hapo. Majani huota, hayatawali. Hayo ndiyo mawazo yaliyomo katika msamiati wetu wa asili, nayo ni mawazo ya kihistoria.

Pango, kinyume cha hayo, ni neno la maumbile. Pango hufanywa na maji na miaka. Mahali palipochimbwa na binadamu pana majina mengine: shimo, kisima, machimbo, handaki. Handaki, neno lenye asili ya Kiarabu, ni shimo lililochimbwa kwa makusudi, aghalabu kwa vita au kwa kujificha. Basi mtu akisema pango la watumwa, kama ilivyo desturi sasa kwa wenyeji, kwa waongozaji wa wageni na katika vitabu vya safari, bila kukusudia amempa maji na miaka sifa ya kazi ya mikono ya watu. Akisema handaki la watumwa, mara huzuka swali: nani alilichimba, na kwa nini? Neno pango halina haja ya swali hilo.

Jina lenyewe la mji pia lina historia. Manga, katika Kiswahili cha zamani, ni nchi ya Uarabuni, hasa upande wa Oman. Mabaki yake tunayo katika pilipili manga na njiwa manga, na Wamanga walikuwa Waarabu waliokuja karibuni kutoka huko. Mangapwani hufasiriwa kuwa ni pwani ya Manga, yaani pwani ya Waarabu. Lakini mtu asidhani kwamba kwa jina hilo amekwisha pata mwenye hatia. Katika biashara ya watumwa ya karne ya kumi na tisa walikuwamo wenye mashamba wa Kiarabu na wa Kiswahili, watoaji mtaji wa Kihindi, viongozi wa misafara wa bara, na wanunuzi wa Kifaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Jina la mahali hutuonyesha njia ya kuanza uchunguzi, halitoi hukumu.

II. Picha za miji ya machimbo

Mtindo wa kupiga picha mahali palipoachwa na kuota majani umeenea duniani, na mifano yake mashuhuri ni miji ya machimbo. Sababu yake haijifichi. Mji wa machimbo huzaliwa ghafla na hufa ghafla. Madini yakionekana, watu huja kwa wingi, nyumba zikasimama jangwani au mwituni katika muda wa miaka michache. Yakiisha, wenyewe huondoka, wakaacha milango wazi. Mpiga picha hukuta kila kitu mahali pake isipokuwa watu.

Mfano ujulikanao kuliko yote katika Afrika ni Kolmanskop, karibu na bandari ya Lüderitz katika Namibia. Huko, mwaka 1908, mfanyakazi wa reli aliyeitwa Zacharias Lewala aliokota almasi mchangani. Wajerumani wakajenga mji wenye hospitali, ukumbi wa michezo na kiwanda cha barafu. Wakazi wa mwisho waliondoka mwaka 1956, na tangu hapo upepo umeingiza mchanga vyumbani hata kufikia nusu ya milango. Picha za vyumba hivyo zimezunguka ulimwengu mzima. Aghalabu huonyesha nyumba za wakubwa, zenye karatasi za rangi ukutani. Mabweni ya vibarua waliochekecha mchanga huo hayajulikani hivyo. Na mtazamaji wa picha hizo haambiwi kwamba huko huko Lüderitz, katika kisiwa cha Shark, Wajerumani walikuwa na kambi walimokufa wafungwa wengi wa Kiherero na Kinama baina ya miaka 1905 na 1907. Mchanga ni mzuri katika picha. Nao hufunika visivyo sawa.

Katika nchi zetu pia machimbo yamefunguliwa na kufungwa. Dhahabu ya Sekenke, katika wilaya ya Iramba, ndiyo iliyotumiwa na Wajerumani mwaka 1916 kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, walipokuwa wamezingirwa na vita. Ama kwa upande wa pwani, mahame yanayopigwa picha zaidi hayakuwa ya madini. Gedi, karibu na Malindi, ni mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya kumi na saba, ukamezwa na msitu. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Huko mizizi imeshuka juu ya kuta za misikiti na majumba kama nta juu ya mshumaa. Msitu ulikuja baada ya watu kuondoka, nao haukuwadhulumu. Mpiga picha wa Gedi aweza kuupenda msitu wake bila kosa.

Unguja haina dhahabu wala almasi. Machimbo yake ni ya jiwe la matumbawe. Mji Mkongwe wote ulitolewa ardhini: mawe ya kuta yalichimbwa, mengine yakachomwa katika tanuu yakawa chokaa, na boriti za mikoko zikaletwa kwa vyombo kutoka Rufiji na pengine. Kila nyumba mjini ni shimo mahali pengine. Kwa desturi mtu huchimba kwa kulitaka jiwe, na shimo huachwa lijae maji na majani. Huko Mangapwani ilikuwa kinyume: kilichotakiwa ni shimo lenyewe. Ndiyo maana nasema Mangapwani yapasa kuhesabiwa pamoja na machimbo yaliyoachwa, na kwamba ni ya namna ya peke yake.

III. Pango na handaki

Pango la kwanza la Mangapwani ni pango la haki. Mvua ipitayo katika hewa na udongo hupata ukali kidogo, na ukali huo huliyeyusha jiwe la chokaa pole pole, tone kwa tone, hata ikapatikana nafasi kubwa chini ya ardhi. Mtu hushuka kwa mlango mwembamba, na chini kabisa hukuta maji matamu. Katika ardhi ya matumbawe, ambamo mvua hupenya mara moja bila kufanya mto, maji kama hayo ni uhai wa kijiji.

Kisa kinachosimuliwa juu ya pango hili chatufaa sana. Husemwa kwamba watu wa zamani walilijua wakateka maji humo. Kisha majani yakaota mlangoni, yakauziba, na mahali pake pakasahauliwa. Baadaye ardhi ile ikawa shamba la Hamed bin Salim el-Harthy, mtu mwenye mali na watumwa wengi. Siku moja mtoto mtumwa alipotewa na mbuzi aliyekuwa akimchunga. Akamtafuta, akasikia sauti yake ikitoka chini ya ardhi, akaifuata sauti mpaka kwenye tundu. Na hivyo pango likaonekana mara ya pili.

Msimulizi wa kisa hiki analo jina la mwenye shamba, pamoja na la baba yake na la kabila yake. Mbuzi tunamjua kuwa ni mbuzi. Mtoto aliyewarudishia watu maji yao hana jina. Tena twaona katika kisa hiki nguvu za majani: miaka michache yatosha kuufuta mlango wa kisima kutoka katika kumbukumbu ya watu wenye kiu. Mtu mwenye busara na siri ya kuficha asingepata funzo kubwa kuliko hilo.

Handaki liko mbali kidogo na pango, upande wa kaskazini, karibu na bahari. Ni vyumba vilivyokatwa katika jiwe la matumbawe, vikashuka chini ya uso wa ardhi, vikafunikwa paa juu. Mtu huingia kwa vidato, na iko njia iteremkayo pwani. Kujengwa kwake hunasibishwa na Mohammed bin Nassor al-Alwi, mfanya biashara wa watumwa. Watu walioletwa kutoka bara waliteremshwa pwani hiyo, wakawekwa humo kabla ya kupelekwa mjini au mashambani.

Wanaopita kutoka pango moja kwenda la pili katika asubuhi moja huona jiwe lile lile, ubaridi ule ule na kijani kile kile. Tofauti ni moja tu, nayo ni pembe. Maji yakila jiwe hufanya mviringo, mfuko, koo. Hayafanyi pembe mraba. Katika handaki ukuta hukutana na ukuta kwa pembe iliyonyooshwa. Pembe hiyo ndiyo sahihi ya mtu. Mizizi na ukungu hufanya kazi mchana na usiku kuiviringisha.

IV. Kwa nini lilifichwa

Haiwezekani kufahamu umbo la handaki bila kukumbuka mfululizo wa mikataba. Mkataba wa mwaka 1822 ulimzuia Sayyid Said kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Ule wa mwaka 1845 ulizuia kuwasafirisha nje ya milki zake za Afrika. Hata hivyo, kuwasafirisha baina ya bara na visiwa kuliendelea kuwa halali, na soko la Unguja likawa wazi mchana kweupe, kila mgeni aweza kulitazama. Wakati huo hapakuwa na haja ya handaki.

Mabadiliko yalikuja kwa haraka. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu mingi, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Kulima upya Unguja na kupanua mashamba ya Pemba kulitaka mikono. Na katika muda huo huo wa haja, Sir Bartle Frere alitumwa na Uingereza kuja kumshurutisha Sayyid Barghash. Na baada yake balozi John Kirk, huku akitishia kuziba bandari kwa manowari, alipata sahihi ya Sultani tarehe 5 Juni 1873. Soko likafungwa, na kila mtumwa apitishwaye baharini akawa magendo.

Basi haja imekua na njia imefungwa: hapo ndipo handaki lilipopata faida. Manowari London ilikaa katika bandari ya Unguja tangu mwaka 1874 hata 1883, na mashua zake zilizunguka usiku na mchana kukagua majahazi. Mchezo huo haukuwa wa salama. Mwezi wa Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba katika mapigano na jahazi lililochukua watumwa. Pwani ya Mangapwani yaelekea bara. Iko mbali na macho ya bandari, na nyuma yake palikuwa na mashamba. Chombo kiliweza kufika gizani, watu wakateremshwa, na kabla ya jua kutoka wakawa chini ya ardhi na juu yao hapana ila vichaka. Sheria ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa nguvu ya utumwa katika mahakama za Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake; na haikukamilika mpaka mwaka 1909, masuria walipoingizwa.

Kutokana na hayo natoa hoja yangu kuu. Katika mji wa machimbo majani au mchanga huja baada ya tendo. Ni mwisho wa habari. Katika handaki la Mangapwani majani yalikuwa sehemu ya tendo. Yalikuwa mlango wake na pazia lake. Mtu akisema leo, mbele ya handaki hili, kwamba maumbile yamejirudishia mahali pake, amekosa mara mbili: kwanza kwa kuwa majani hayakuondoka kamwe, yaliwekwa kazini, pili kwa kuwa jambo ambalo mwenye handaki alilitamani kuliko yote lilikuwa kwamba mtu apitaye aone mwitu tu.

V. Kamera katika Unguja

Kamera ilifika Unguja wakati biashara ingali halali. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa safarini pamoja na Speke, alipiga picha mjini, nazo ni katika picha za kwanza za kisiwa hiki zilizobaki. Miaka minane baadaye, mwaka 1868, Kapteni George Sulivan wa manowari Daphne aliwapiga picha watu waliotolewa katika majahazi, wakiwa wameketi juu ya sitaha. Picha hizo zilichongwa upya kuwa michoro, zikatiwa katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1873, na wasomaji wengi wa Uingereza waliijua biashara hiyo kwa macho kupitia michoro hiyo.

Yafaa kutia moyoni mambo mawili. La kwanza ni kwamba picha za siku zile zilihitaji jua kali na utulivu. Sahani ya kioo ilipakwa dawa, ikatiwa katika kamera ingali mbichi, na watu wakaamriwa wasitikisike. Aliyepigwa picha ni yule aliyekwisha kuwa katika mamlaka ya mwingine, na mahali palipopigwa ni mahali penye mwanga. Biashara iliyoendeshwa usiku, ndani ya jiwe, haikuwa na nafasi mbele ya kamera ya namna hiyo. Kwa hiyo, kadiri biashara ilivyozidi kuwa ya siri, ndivyo ilivyopungua katika picha, na mtu atazamaye picha peke yake aweza kudhani ilikwisha mwaka 1873.

La pili ni kwamba studio zilizofuata zilikuwa na kazi nyingine. A. C. Gomes, na baadaye ndugu Coutinho, waliwapiga picha masultani, mabalozi, milango iliyonakshiwa na mitaa ya mji, na picha hizo zikauzwa kwa abiria wa meli na kugeuzwa kadi za posta. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na humo zimehifadhiwa sura nyingi za Unguja ya karne ya ishirini. Mahame nayo yaliingia katika kadi hizo mapema. Jumba la Maruhubi, alilolijenga Sayyid Barghash kwa ajili ya nyumba yake kubwa, liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo nene zilizosimama katika nyasi. Na nguzo hizo zilipata wapiga picha wengi kuliko jumba lilipokuwa zima. Hivyo jicho la mgeni lilifundishwa tangu zamani kutazama Unguja kama nchi ya magofu matulivu: nguzo, mnazi, maji, machweo. Mpiga picha aingiaye Mangapwani leo huingia na jicho hilo hilo alilorithi.

VI. Mwanga wa nje na giza la ndani

Kuna jambo la ufundi ambalo kila aliyejaribu kupiga picha katika handaki hulijua. Nje jua la Unguja ni kali, na ndani ni giza. Macho ya mtu hulizoea giza kidogo kidogo, lenzi haizoei. Ukiipima kamera kwa mwanga wa nje, majani hutoka mazuri na chumba hugeuka doa jeusi. Ukiipima kwa giza la ndani, ukuta waonekana, na pembe, na alama za chuma kilichokata jiwe. Lakini mlango na miti yote huungua ikawa nyeupe tupu. Katika picha moja ya kawaida huwezi kupata vyote viwili. Yakupasa kuchagua.

Wengi huchagua majani, nao hawana lawama ya kusudi. Picha ya majani yajieleza yenyewe, na picha ya ukuta ni kama picha ya ukuta wowote. Lakini uchaguzi huo una maana. Mwenye kuchagua majani amesimama pale alipotaka mwenye handaki wapita njia wasimame. Mwenye kuchagua ukuta amesimama ndani, mahali pa wale waliofichwa, ambao kwao mwanga wa mlango ulikuwa kweli weupe tupu usiotazamika. Sisemi kwamba kwa kushuka vidato na kamera mtu ameyajua waliyoyapata. Nasema tu kwamba mahali pa kusimama katika historia si jambo la urembo.

Hapa huenda mtu akatoa pingamizi. Je, tuna hakika gani juu ya handaki? Wanahistoria wamebishana juu ya vyumba vya chini vya Mkunazini vinavyoonyeshwa kwa wageni, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la misheni, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Pingamizi hilo ni la haki, na halina budi kupimwa Mangapwani pia, ambako sehemu kubwa ya habari ni ya masimulizi. Lakini masimulizi ya Mangapwani yana tofauti na yale ya mjini: hayasemi juu ya soko lililokuwa wazi bali juu ya maficho ya baada ya soko, na umbo la mahali, upande wake wa bahari na wakati wake vyaafikiana na mambo tuyajuayo kwa hati. Tena shaka yenyewe yatuongezea haja ya picha ya ndani. Mchunguzi atakayetaka kujua ukuta ulikatwa kwa chombo gani, paa liliongezwa lini, na vyumba vilikuwa na kimo gani, hatasaidiwa na picha elfu za mizizi.

VII. Kazi iliyobaki

Tufanye nini basi? Mtu asidhani kwamba nataka majani yote yafyekwe. Mizizi iliyokwisha kuingia katika paa la zamani hushika mawe kama inavyoyapasua. Ikikatwa ovyo, ukuta huanguka pamoja nayo. Na handaki lililofyekwa likapakwa chokaa jipya lingekuwa uongo wa namna nyingine. Majani na yabaki, lakini na yapigwe picha kama shahidi, si kama mshindi.

Njia si ngumu. Kwanza, mahali pamoja papigwe picha mara nyingi, kutoka pale pale, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, kabla ya masika na baada yake, mwaka kwa mwaka. Hapo tutajua majani huenda kwa kasi gani na paa lapungua kiasi gani. Pili, kila picha ya mlango ifuatwe na picha ya ndani, na katika ya ndani iwekwe fimbo ya kupimia, ili pembe na kimo viweze kusomwa na mtu aliye mbali. Tatu, picha isitolewe bila maneno. Maneno hayo yataje mwaka, mahali na aliyesimulia kwa idhini yake, nayo yaseme handaki, si pango. Nne, wazee wa Mangapwani waulizwe si juu ya handaki peke yake bali juu ya njia, visima, miti na majina ya viambo, maana miti iliyopandwa na majina yaliyobaki aghalabu huishi kuliko ukuta.

Kazi hii ina haraka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kutazamwa kila siku na maelfu ya watu, ilianguka mchana. Ikiwa jumba kubwa la mbele ya mji liliweza kuanguka mbele ya macho ya wote, handaki la vichakani litaanguka bila ya mtu kusikia. Na Mangapwani yenyewe haikuachiwa majani peke yake. Katika miaka ya karibuni umetangazwa mpango wa kujenga huko bandari kubwa, pamoja na sehemu ya mafuta na gesi. Bandari ni riziki ya watu, na kijiji hakiwezi kuishi kwa magofu. Lakini pwani iliyoteremkiwa gizani ikijengewa gati na taa, itakuwa vizuri wajenzi wawe na picha na vipimo vya kile kilichokuwako, ili wajue wapi pa kupitisha barabara na wapi pa kuzunguka.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakitazama majahazi, na kumkumbusha mpumbavu kwamba chombo hakikuota baharini. Mpiga picha wa Mangapwani aweza kuichukua methali hiyo mfukoni mwake. Chumba alichokiona chini ya majani hakikuota hapo. Kilikatwa pembe kwa pembe na mikono ya watu, huenda ya watumwa wenyewe, na mtoto aliyesikia mbuzi wake akilia chini ya ardhi angeweza kutufundisha jinsi ya kukitafuta: hakutazama majani, alisikiliza kilichokuwa chini yake.